Tuta la Asumini

Mirriam alishika sepetu wiki ya tatu ya Oktoba, saa kumi na mbili asubuhi, kabla ukuta wa bustani haujaanza kurudisha joto. Kazi za jikoni zilikuwa zinamngoja, chai ya Bi Zuwena na dawa zake tatu za asubuhi pia zilikuwa zinamngoja, lakini kwanza alitaka kuivunja ardhi. Ilikuwa imeshikana kama sakafu. Kila alipopiga, sepetu lilimrudia na kumtetemesha mpaka mabegani.

Alikuwa na sababu ya kujichosha hivyo. Tangu aje Dubai, nyumba mbili zilikwisha kumrudisha ofisini. Ya kwanza walisema ni mzee mno kukimbizana na watoto. Ya pili walihama nchi. Mwanamke wa ofisi ya wafanyakazi alimwambia bila kumtazama: "Nyumba ya tatu ikikukataa, mama, tunakukatia tiketi." Nyumba ya tatu ndiyo hii ya mtaa wa Al Warqa, na miezi mitatu ya majaribio ilikuwa inakwisha Jumapili ya mwisho wa Novemba. Kule kwao Kinangop, Kenya, wajukuu wake wawili walikuwa shuleni kwa mshahara wake tu, kwani mama yao alikuwa hajiwezi. Mirriam hakuwa na nyumba ya nne.

Na Bi Zuwena hakumtaka. Hilo hakulificha hata siku moja.

Bi Zuwena alizaliwa Unguja, akaja Ghuba akiwa bibi harusi, na miaka hamsini haikumwondolea Kiswahili chake. Kiarabu alizungumza na wageni. Kwa Kiswahili alikuwa akigomba. Kabla ya Mirriam alikuwa na mtu wake, Mwatime wa Tanga, aliyekaa naye miaka kumi na mmoja. Mwezi wa Julai bibi huyo alianguka bafuni akavunjika nyonga, akalazwa hospitali wiki saba, na katika wiki hizo mwanawe Msellem akaona Mwatime naye amechoka, akamkatia tiketi ya ndege kumrudisha kwao. Bi Zuwena alirudi nyumbani na fremu yake ya kutembelea, akamkuta mlangoni mwanamke asiyemjua, amevaa aproni.

"Karibu nyumbani, madam," Mirriam alimwambia siku hiyo.

"Unanikaribisha kwangu?" Bi Zuwena alisema. "Na usiniite madam. Madam ni wa huko ofisini kwenu."

Lingine alilolikuta limebadilika ni bustani. Chini ya ukuta wa mashariki alikuwa na asumini na mawaridi ya miaka mingi, maua ambayo hayang'olewi kila msimu, yakipanda mwaka hadi mwaka. Kwa maua hayo Bi Zuwena alikuwa akifunga vikuba, asumini na waridi na rehani vikishikanishwa kwa uzi, vya kubandika nguoni na kuweka chini ya mto. Nani angeyamwagilia Julai na Agosti, wakati mwenyewe amelazwa na Mwatime hayupo? Yalikuwa yamebaki vijiti.

Msellem alitaka kupapendezesha kwa petunia za duka. Mama yake alikataa. "Maua ya miezi mitatu ni ya barabarani," alisema. "Mie nataka ya kukaa."

Hapo Mirriam, aliyekuwa anakusanya vikombe, akaingilia maneno yasiyomhusu. Alisema yeye anajua maua. Alikuwa amefanya kazi miaka kumi na minne katika shamba la mawaridi karibu na Naivasha, akipanda, akipogoa, akifunga mashada ya kusafirishwa.

Bi Zuwena alimtazama kutoka kandambili mpaka kitambaa cha kichwa.

"Mtu wa bara anajua asumini?"

"Najua udongo, Bi Zuwena. Asumini nitajifunza."

"Utajifunza wewe." Alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Haya. Mpe tuta, Msellem. Tuone."

*

Kwa hiyo alichimba. Ukanda wenyewe ulikuwa hatua kumi na mbili kwa urefu, mbili kwa upana. Chini ya udongo wa juu alikuta vigae vilivyovunjika, mabonge ya saruji na vipande vya waya, uchafu walioufukia wajenzi. Aliutoa wote kwa mikono. Mchanga aliuchekecha kwa wavu wa dirisha la zamani. Alivitoa visiki vya asumini vilivyokufa kimoja kimoja, na kabla ya kuvitupa alivikwangua gome kwa ukucha, kuhakikisha hakuna ubichi uliobaki.

Pikapu ya kitalu cha Warsan ilileta magunia ya udongo mtamu, ndivyo unavyoitwa huku udongo usio na chumvi, pamoja na samadi kavu ya ng'ombe na miche. Mirriam alichanganya udongo kwa samadi, tatu kwa moja, akaugeuza mpaka ukawa rangi moja. Kisha akaupandisha. Kwao Kinangop mvua inanyesha mpaka mtu anasahau jua lilivyo, na waridi lililokaa majini linaoza mizizi kwa wiki mbili. Ndiyo maana watu wa huko hupandia juu. Alijenga tuta la kufika magotini, akalipigapiga mbavu kwa mgongo wa sepetu mpaka zikalainika, na alipomaliza alirudi nyuma hatua chache akalitazama. Lilikuwa tuta zuri. Msimamizi wake wa zamani angelipita bila kusema neno, na kwa msimamizi yule hiyo ilikuwa sifa.

"Maama Kenya," sauti ilisema nyuma yake. "Nani amekufa?"

Alikuwa Erisa, Mganda wa kampuni ya bustani, aliyekuwa akija kila Jumamosi, Jumatatu na Jumatano kukata majani na kuangalia mabomba. Mtu wa miaka arobaini hivi, mwembamba, kofia ya kampuni imemfunika masikio. Hakupenda kukuta mtu mwingine ameshika sepetu katika bustani yake.

"Hakuna aliyekufa," Mirriam alisema.

"Naona kaburi."

"Hilo ni tuta."

"Kaburi la mtu mnene." Alilizunguka akichungulia. "Hapa hatupandi juu, maama. Hapa tunapanda chini, kwa shimo. Wewe unataka maua yaone barabara?"

Kama angelisema kwa namna nyingine, pengine Mirriam angeuliza. Lakini Erisa alikuwa mtu wa kudhihaki kila kitu. Wiki iliyopita alikuwa ameidhihaki aproni yake, na kabla ya hapo chapati zake.

"Erisa, mimi nimeshika waridi miaka kumi na minne. Wewe kabla ya kuja huku ulikuwa unafanya nini?"

"Askari wa duka, Kampala."

"Basi chunga duka."

Erisa alikwenda kuwasha mashine ya majani na hakumsemesha tena siku hiyo. Lakini jioni Mirriam alipotaka kumwagilia, aliukuta mpira wa maji umekunjwa kivulini upande wa jikoni, si juani alikouacha yeye. Maji yaliyolala ndani ya mpira juani huku yanaweza kuunguza mche. Alidhani ni utaratibu wa kampuni.

Alipanda jioni hiyo na jioni ya pili yake. Asumini nyuma, karibu na ukuta, waya zimetandazwa za kuzipandisha. Mawaridi katikati. Mrehani mbele, ambapo mkono wa mtu aliye kwenye fremu unaweza kufika akichuma. Hilo la mwisho alilifikiria mwenyewe, hakuambiwa. Alipoinua kichwa aliona pazia la chumba cha Bi Zuwena limesogezwa kidogo, na uso nyuma yake. Alinyanyua mkono. Pazia likarudi.

*

Wiki ya kwanza miche ilisimama. Wiki ya pili majani ya mawaridi yalianza kukauka ncha, kahawia, kama yaliyopitishwa motoni. Mirriam aliyapogoa. Yakakauka mengine. Alidhani ni kiu, akawa anamwagilia kikombe kimoja kimoja kila shina, asubuhi na jioni, kwa uangalifu, asilowanishe mno mizizi. Kadiri alivyoipa miche maji ndivyo ilivyozidi kufa.

Ndani ya nyumba mambo hayakuwa mazuri zaidi. Chai yake ilikuwa maji. Wali wake ulikuwa uji. Akipiga deki alikuwa anamwaga maji ya watu, akifuta vumbi alikuwa analihamisha. "Mwatime angekwisha kumaliza," Bi Zuwena alisema akiwa kitini, na alisema hivyo hata kwa kazi ambayo Mwatime hakuwahi kuifanya. Sahani yake ya mchana aliirudisha nusu, "sina hamu," na kila mara kipande cha samaki kilichobaki kilikuwa cha katikati, kisicho na miiba, hakijaguswa. Mirriam alikila jikoni amesimama. Hakujua akichukulie vipi.

Erisa alipita Jumatatu akitazama tuta kwa pembe ya jicho. "Marehemu anaendeleaje?"

Mirriam aliendelea kumwagilia.

Jumatano ya mwisho kabla ya majaribio kwisha, aliinama kung'oa waridi lililokauka kabisa, akaona kitu alichokuwa ameshakiona siku nyingi bila kukitazama. Kilele chote cha tuta kilikuwa kimefanya utando mweupe, mwembamba, unaovunjika ukiguswa. Alikuwa amedhani ni vumbi la saruji la jirani anayejenga. Alichota kidogo kwa ukucha, akaonja.

Chumvi.

Alikaa chini pale pale. Sasa aliona mambo yote kwa mpangilio wake, tena kwa uchungu, kwa kuwa yalikuwa mepesi. Maji ya bustani yalitoka kisimani, na kisima cha huku kina chumvi. Maji yalipanda ndani ya tuta, jua likayanyonya kutoka juu, chumvi ikabaki kileleni, penye mizizi. Vile vikombe vyake vya uangalifu havikutosha kuishusha. Kwao tuta linaokoa mmea usizame. Huku lilikuwa linauweka mmea juu ya chumvi. Mganda alimwambia siku ya kwanza, chini, kwa shimo, na yeye akamwambia akachunge duka.

"Umeonja," sauti ilisema. "Nilikuwa najiuliza utaonja lini."

Bi Zuwena alikuwa amesimama barazani, mikono miwili juu ya fremu.

"Bi Zuwena alikuwa anajua?"

"Mie nakaa nchi hii tangu hapa hakujajengwa hata nyumba moja. Tuta langu la mwanzo nilipandisha vivyo hivyo, kama kwetu, likawa jeupe kama hilo lako. Asumini ya huku inapandwa ndani ya jaluba. Unachimba lishuke, unalijaza maji yasimame, yanazama na chumvi yake. Kila mtu anajua."

"Na hukuniambia."

"Uliniuliza? Si ulisema utajifunza?"

Mirriam aliinuka. Magoti yalimuuma, na udongo ulikuwa umemganda mikononi. Katika nyumba mbili za mwanzo alisema ndiyo madam, samahani madam, na zote mbili zilimrudisha. Alijua kwamba kilichobaki ni siku nne, na kwamba mwanamke huyu ndiye atakayeulizwa. Aliyajua yote hayo, na maneno yakatoka.

"Wiki nne umekaa dirishani unaangalia asumini yako inakufa."

"Asumini inanunuliwa."

"Kama hunitaki, ungesema tu. Sir angenirudisha siku hiyo hiyo. Ulikuwa huna haja ya kuua kitu." Sauti yake ilikuwa ya chini, hata yeye ilimshangaza. "Mimi nilikosea kwa kutojua. Wewe ulijua. Hayo maua yalikukosea nini?"

Vidole vya Bi Zuwena vilijikaza juu ya fremu mpaka vikawa vyeupe.

"Toka mbele yangu," alisema mwishowe.

*

Erisa alikuwa anapakia mashine yake getini. Mirriam alimwendea kabla hasira yake haijapoa, maana alijua ikipoa ataona haya.

"Nionyeshe shimo linavyochimbwa."

"Sijasikia."

"Umesikia. Nionyeshe."

Erisa aliegemea mashine. "Nani alisema nichunge duka?"

"Mimi. Na mimi ndiye niliyejenga kaburi. Haya, umeshinda. Sasa nionyeshe."

Alimtazama kwa muda akitafuta dhihaka ya kumrudishia, na hakuipata, au aliiacha. Dereva wa kampuni alikuwa anapiga honi. "Leo nina nyumba nne zingine," alisema. "Na Ijumaa ni siku yangu ya kulala." Akapanda gari.

Ijumaa saa kumi na mbili asubuhi alikuwa getini, amevaa shati la kanisani, sepetu begani. Alikuwa amepanda mabasi mawili kutoka kambi yao ya Dubai Investments Park, huko mwisho wa mji.

"Sijaja kwa ajili yako," alisema kabla Mirriam hajafungua mdomo. "Hii bustani imeandikwa jina langu. Miche ikifa, kampuni itasema Erisa ameua."

"Kunywa chai kwanza."

"Nimesikia habari za chai yako."

Walifanya kazi bila maneno mengi. Kwanza walikwangua utando mweupe na udongo wa chini yake kwa kina cha kiganja, wakautia magunia, wautoe kabisa. Kisha wakalibomoa lile tuta alilolipigapiga mbavu mpaka likalainika. Halikuwa jambo jepesi kulitazama likibomoka, lakini alilibomoa mwenyewe, hakumwachia Erisa. Walishuka mpaka chini ya usawa wa njia, wakajenga kingo pembeni, wakaachilia maji. Yalijaa, yakasimama, yakazama polepole yakitoa mapovu. Wakajaza tena. Wakajaza mara ya tatu.

"Upande wa kulia umekaa juu."

Bi Zuwena alikuwa ametolewa kiti chake barazani. Au alikivuta mwenyewe, hakuna aliyemwona. Erisa alinung'unika kitu kwa Kiganda.

"Husikii? Kulia. Maji hayafiki."

Mirriam alitazama. Ni kweli, hayakuwa yanafika. Aliushusha upande wa kulia bila kujibu. Miche iliyokuwa hai waliichagua pamoja. Asumini zilikuwa zimebaki saba kati ya kumi na mbili. Mawaridi yalibaki mawili. Mrehani ulikuwa umekufa wote. Mirriam alikuwa bado ameshika mche wa nane wa asumini, mkavu.

"Hiyo ya mwisho imekufa," Bi Zuwena alisema kutoka kitini.

"Haijafa." Mirriam alikwangua shina kwa ukucha, akaliinua lionekane. Chini ya gome palikuwa na mstari wa kijani. "Panda nane," alimwambia Erisa.

*

Msellem alikuja baada ya sala ya Ijumaa, kama alivyozoea, kanzu nyeupe, simu mkononi. Alisimama mbali na matope, akitazama shimo mahali alipotegemea maua.

"Mama, ofisi wananisumbua. Jumapili ndiyo mwisho. Anabaki au namrudisha?"

Alisema kama Mirriam hakuwepo, na Mirriam alikuwa hatua tatu kutoka kwake, sketi imelowa mpaka magotini. Erisa aliacha kuchimba.

"Kanijibu," Bi Zuwena alisema.

"Amekujibu nini?"

"Kasema nimeiua asumini yangu makusudi ili nipate kumfukuza."

Msellem alimgeukia. "Umemwambia mama yangu hivyo?"

Mirriam aliwaona wajukuu wake wamekaa juu ya kitanda na sare zao, wakisubiri mtu awaambie kama wataenda shule Januari. Ingekuwa rahisi kusema hapana. Bi Zuwena alikuwa anamkazia macho.

"Nimesema, sir."

"Omba msamaha. Sasa hivi."

"Kwa kumjibu mtu mzima, nisamehewe. Sikupaswa." Alijifuta mikono kwenye aproni. "Lile neno lenyewe siwezi kulirudisha, sir. Mwenyewe anajua kama ni uongo."

"Khalas, imekwisha," Msellem alisema, akaanza kutafuta namba.

"Weka simu."

"Mama, si umesema mwenyewe…"

"Nimesema kanijibu. Nimesema mrudishe?" Bi Zuwena alijisogeza mbele, akamsemesha mwanawe kwa sauti ambayo Mirriam alikuwa anaijua vizuri, ila leo haikuwa inamwelekea yeye. "Wewe una tabia ya kuniondolea watu nikiwa sina habari. Nimelala hospitali na mipira puani, unaingia nyumbani kwangu unapanga nani aende nani aje, kama unabadilisha mazulia. Uliniuliza?"

"Nilifikiri—"

"Ulifikiri. Kila mtu anafikiri kwa ajili yangu." Alinyoosha kidole kwa Mirriam bila kumtazama. "Huyu simpendi. Mkaidi, na chai yake maji. Lakini sifundishi mtu mpya tena, nimechoka. Na yeye ndiye aliyeiweka asumini ndani ya maji leo, na lazima ijazwe Jumatatu, na Jumatano, na Jumamosi, mpaka itie mizizi. Utakuja kuijaza wewe?"

Msellem aliitazama simu yake, akamtazama mama yake, kisha akaenda pembeni, karibu na gari, akapiga. Walimsikia akizungumza Kiarabu, haraka, mara mbili akisema jina la Mirriam vibaya.

Alirudi. "Anabaki," alisema. "Nitasaini Jumapili, inshallah."

Mirriam alishika mpini wa sepetu kwa mikono miwili. Erisa alikuwa ameinama ghafla, anafunga kamba ya kiatu ambacho hakikuwa na kamba.

"Na wewe," Bi Zuwena alisema, safari hii akimtazama, "usifikiri tumepatana."

"Sijafikiri, Bi Zuwena."

"Vizuri. Mrehani uko wapi? Nani atafunga kikuba bila rehani?"

"Umekufa."

"Basi Jumapili, akishasaini, akupeleke Warsan. Chagua wa majani madogo. Wa majani makubwa ni wa supu." Alishika fremu, akaanza ile kazi yake ndefu ya kusimama. Mirriam alipotaka kumsaidia alimpiga jicho, akaacha. Alisimama mwenyewe, akapumzika, akaingia ndani hatua moja moja.

Msellem alimfuata mama yake ndani. Mlango ukafungwa, na mara sauti ya Bi Zuwena ikaanza upya nyuma yake, ikimgombeza mwanawe juu ya matope ambayo yeye hakuyaleta.

"Mama huyo," Erisa alisema taratibu, "angekuwa askari wa duka, hakuna mtu angeiba."

Mirriam alicheka, kwa mara ya kwanza tangu Septemba, kicheko kifupi kilichomtoka kabla hajakizuia. Kisha akapiga magoti kando ya jaluba, maana maji yalikuwa yameshazama na shina la nane lilikuwa limelala upande, akalisimamisha na kulishindilia udongo kwa vidole gumba, pande zote, mpaka likakaa.